MASTAA, SAUTI SIO SPIDI! ACHENI KUWAINGIZA CHAKA MASHABIKI WENU

Leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za nani kamwacha nani, tuongelee kitu ambacho kimeshika kasi sana kwenye kurasa za mastaa wetu siku hizi. Magari kuunguruma.

Yani sasa hivi staa hajakamilika kama hajaweka kavideo ka boneti iko juu. Kuna msanii mmoja mkubwa hapa mjini, jina kapuni, yeye ndiye kanifanya niandike hii. Kwenye video yake unaona lile boksi jeusi la filta ya hewa limeng'olewa, pale pamewekwa filta nyekundu ya koni, iko wazi kabisa, na bomba linang'aa kama sufuria mpya. Mtu anakanyaga mafuta, gari linavuta pumzi "hwaaaa" mpaka raha. Halafu chini kaandika kwamba nguvu imeongezeka, ndinga sasa inapaa, na wewe ukitaka kupaa nenda duka fulani waambie yeye ndiye kakutuma.

Haikupita muda, mcheza mpira mmoja naye akaja na Crown yake. Video ile ile, filta ile ile, maneno yale yale. Mpaka nikajiuliza hivi hawa walikaa darasa moja au?

Sasa mimi nasema hivi, na simung'unyi maneno: ile ni sauti. Sio spidi. Na staa anayemuuzia shabiki wake sauti akaipa jina la nguvu, anamtia hasara mtu ambaye anampenda na kumuamini.

Najua tayari kuna watu wameshaanza kuandika huko chini kwamba natafuta kiki, nina wivu, gari lenyewe sina. Sawa, nitukaneni tu. Ila someni kwanza mpaka mwisho, maana hela inayoungua hapa sio ya staa. Ni ya kwako.

SAUTI NI TAMU, HILO HATUBISHANI

Kwanza tuelewane. Mimi sio adui wa sauti. Subaru ikipita na ule mngurumo wake wa bubububu mimi nageuka kama mtu yeyote. Altezza ya gia za mkono ikivutwa mpaka juu, mwili unasisimka. Anayesema hasikii raha hapo anajikaza tu.

Na sauti sio kitu cha kijinga hata kwa wenye viwanda. Lexus walipotengeneza LFA, ile ya injini ya V10 ya lita 4.8 ambayo yalitengenezwa magari 500 tu, walishirikiana na Yamaha, na Yamaha mnawajua, ndio wale wale wa vinanda. Wakaweka mpaka njia maalumu za kupeleka mlio wa hewa inayoingia kwenye injini mpaka ndani kwa dereva. BMW M5 ile iliyoanza kuuzwa 2011 inaongezea mlio wa injini kupitia spika za gari. Ford Mustang ya 2015 yenye injini ndogo ya tabo nayo inafanya hivyo hivyo. Umeelewa hapo? Watu wenye mainjinia wamejaa jengo zima wanatengeneza sauti kama sauti, peke yake, kwa sababu wanajua mteja anaipenda. Nguvu wanaitafuta kwingine.

Na ule mngurumo wa Subaru ambao vijana wa Dar na Nairobi wanaufia, hautoki hata upande wa filta. Unatoka kwenye mabomba ya moshi pale yanapoanzia kwenye injini, kwa sababu kwenye matoleo mengi ya zamani hayalingani urefu, kwa hiyo moshi wa silinda hizi na zile unafika kwa kupishana. Mabomba yakilinganishwa urefu mngurumo unapotea, na injini haidhuriki kwa lolote. Kwa hiyo sauti kubwa haimaanishi nguvu kubwa, na sauti ndogo haimaanishi gari limechoka.

SASA HILO BOKSI JEUSI LINAFANYA NINI?

Watu wengi wakifungua boneti wanaona lile boksi la plastiki na mabomba yake yenye vitumbo tumbo wanadhani ni uchafu umewekwa pale na Mjapani ili akubanie. Wala.

Injini ni pampu ya hewa, wadau. Chukua injini ya lita 2. Kila ikizunguka mara mbili inatakiwa ivute lita 2 za hewa. Ukiikanyaga mpaka mizunguko 6,000 kwa dakika, piga hesabu: ni lita 6,000 za hewa kila dakika. Chukua madumu ya lita 20, hayo ni madumu 300 ya hewa kwa dakika moja. Hewa yote hiyo inapita kwenye filta.

Lile boksi lina kazi tatu. Ya kwanza, linashikilia filta ibane pande zote, vumbi lisipite pembeni. Ya pili, linaletea injini hewa kutoka nje. Ukifuatilia lile bomba lake la mwanzo utakuta kwa magari mengi linaishia mbele juu ya rejeta au pembeni kwenye fenda, mahali ambapo hewa haijapashwa na injini. Ya tatu, vile vitumbo na vikopo vilivyoungwa kwenye bomba vinameza kelele. Hewa inaingia kwenye injini kwa kushtuka shtuka kila valvu ikifunguka na kufunga, na kule kushtuka ndio mlio wenyewe. Vikopo vinaumeza.

Kwa hiyo ukitoa boksi zima ukaweka koni wazi, umefanya mambo matatu kwa mpigo. Umeondoa kimeza kelele, ndio maana unasikia "hwaaaa". Umeondoa njia ya hewa ya nje. Na umeacha filta peke yake ipambane na vumbi. Staa anakuonyesha lile la kwanza tu.

HEWA YA MOTO HAINA NGUVU

Hii hata haihitaji fundi, ni ile fizikia ya sekondari. Kitu kikipata joto kinatanuka. Hewa ikipata joto inatanuka, kwa hiyo ndani ya nafasi ile ile inakuwa nyepesi, oksijeni inakuwa kidogo. Na injini inachoma mafuta kulingana na oksijeni. Kwa petroli, kila gramu moja ya mafuta inataka gramu 14.7 hivi za hewa ili iungue vizuri. Hewa ikiwa pungufu, kompyuta ya gari inapunguza mafuta. Mafuta yakipungua, nguvu imepungua. Hakuna mjadala.

Kwa makadirio, hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 10, unapoteza kama asilimia 3 ya uzito wake. Sasa wewe uko Ubungo saa nane mchana, jua la Dar, foleni haisogei. Hewa ya nje ni nyuzi 33, 34. Chini ya boneti, pembeni ya injini na ekzosi, inaweza kuzidi nyuzi 60 kirahisi tu. Koni yako ya wazi inavuta hewa ya pale pale. Tofauti ya nyuzi 30 ni kama asilimia 9 ya hewa imeenda na maji. Na kompyuta ikiona hewa ni ya moto inachelewesha na cheche za plagi ili injini isigonge, kwa hiyo unapoteza tena.

Niwe mkweli, gari likishakolea mwendo, upepo unaingia chini ya boneti na joto linashuka, tofauti inapungua. Na zipo koni zenye ukuta mzuri wa kuzuia joto na bomba la kuleta hewa ya nje. Hizo ni habari nyingine. Ila zile za kwenye video zetu nyingi ni koni imening'inia tu pembeni ya ekzosi kama popo.

Sasa kwa nini mtu akishafunga anaapa gari limekuwa jepesi? Kwa sababu sikio linamdanganya mgongo. Unasikia mlio mkubwa, unahisi unaenda kasi. Na ukishalipia kitu hutaki kuamini umepigwa. Binadamu ndivyo tulivyo.

Usiniamini mimi, pima. Kuna kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye soketi chini ya usukani kinachoongea na simu kwa bluutuu. Hakina bei ya kutisha. Kitakuonyesha joto la hewa inayoingia kwenye injini. Endesha ukiwa na boksi la kiwandani, andika namba. Funga koni, pita njia ile ile saa ile ile, andika namba. Ikipanda kwa nyuzi 20 ujue umenunua spika, sio nguvu.

VUMBI NDIO MUUAJI WA KIMYA KIMYA

Hapa ndipo panaponiuma, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mitaa yetu mnaijua. Toka barabara ya lami ingia ndani mita mia mbili tu, ni vumbi. Tabata huko ndani, Goba, Mbagala, Kigamboni, kote. Na vumbi letu limejaa mchanga laini, na mchanga ukishaingia kwenye silinda unafanya kazi ya msasa. Unasugua kuta za silinda, unasugua ringi za pistoni. Hausikii kelele, hausikii maumivu. Siku moja tu unapima oili unakuta imepungua, unaongeza, inapungua tena, mara moshi wa bluu unatoka nyuma. Hapo ringi zimeshakwisha, na dawa yake ni kufungua injini au kununua nyingine.

Filta ya karatasi ya kiwandani, ile ya kawaida kabisa, inachuja vizuri sana, na ndio maana inabana kidogo. Zipo koni nzuri za kampuni zinazojulikana, hizo zinachuja vya kutosha ukizisafisha na kuzipaka mafuta yake kwa kipimo. Ila hizi kopi zinazouzwa kama njugu, nyingine ukiimulika na tochi ya simu unaona vitundu vitundu kabisa. Na hata zile nzuri zina mtego wake: ukizipaka mafuta kupita kiasi yanaenda kuganda kwenye ile sensa inayopima hewa, inaanza kudanganya kompyuta, taa ya injini inawaka, gari linatetemeka likisimama au linakunywa mafuta kama lina kisasi na wewe. Ukibadilisha na ukubwa wa bomba pale sensa inapokaa, ni yale yale, kwa sababu ile sensa imepimiwa bomba la kipenyo kile cha kiwandani.

Sasa niwaambie ya dogo mmoja wa mtaani kwetu. Alikuwa anaendesha IST ya mkataba. Kwa wasiojua, gari la mkataba unampelekea bosi hesabu kila wiki kwa muda mliokubaliana, mkimaliza gari linakuwa lako. Dogo alikuwa mtu wa kazi, anaamka saa kumi alfajiri, hanywi, hesabu hakosi. Alibakiza miezi mitano.

Akaona ile video. Akaenda kununua koni ya kopi, akafungiwa nje ya duka kwa dakika kumi, boksi la kiwandani akaliuza huko huko. IST hiyo wadau! Injini ya lita 1.5 ambayo ikiwa mpya kabisa kiwandani ina nguvu za farasi kama 109. Tuseme umebahatika ukaongeza farasi wawili au watatu, unaenda nao wapi, na abiria wanne na begi la mtu anayeenda stendi?

Miezi kadhaa mbele gari likaanza kula oili. Bosi akalichukua akalipeleka kwa fundi wake. Fundi akafungua lile bomba la nyuma ya filta, akapitisha kitambaa cheupe ndani, kikatoka rangi ya udongo. Bosi hakutaka maelezo. Mkataba wao ulisema dogo haruhusiwi kubadilisha kitu kwenye injini bila kuuliza, na dogo aliusaini. Gari likarudi kwa mwenyewe. Zaidi ya mwaka mzima wa hesabu, umeenda.

Yule staa hamjui huyu dogo. Hatakuja kumjua. Na mimi simsingizii kwamba alimshika mkono akampeleka dukani, dogo ni mtu mzima na alikosea kugusa gari ambalo halijawa lake. Ila dogo alimuamini mtu aliyesema "nguvu imeongezeka", na yule mtu hakuwahi kupima chochote.

NA WALE WANAOSHUSHA BOMBA CHINI

Kuna kundi la pili, hawa wanajiona wajanja zaidi. Wao wameshasikia kwamba hewa ya baridi ndio yenye nguvu, kwa hiyo wanavuta bomba refu, wanaishusha filta mpaka nyuma ya bampa, karibu na lami. Kwa hesabu ya joto wako sahihi kabisa, huko chini mbele hewa haina moto wa injini.

Tatizo sisi tunakaa Dar es Salaam. Masika ikipiga, Mto Msimbazi ukijaa, Jangwani panakuwa bahari, na hata barabara za kawaida zinatengeneza madimbwi ambayo hujui kina chake. Filta iko chini ya bampa. Unaingia kwenye maji, injini inavuta. Na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni inapanda juu inakuta maji, haina pa kwenda, konrodi inapinda au inakatika. Sekunde moja tu, injini imekufa. Na gari likizima ndani ya maji, tafadhali usijaribu kuliwasha tena, lisukume litoke kwanza fundi atoe plagi aangalie. Hapo ndipo wengi wanapomalizia kazi.

Ukitaka kuona watu wanaoheshimu hewa, nenda Arusha ukaangalie Land Cruiser za watalii. Lile bomba linalopanda pembeni ya kioo mpaka usawa wa paa halijawekwa kwa urembo. Linatafuta hewa juu, ambako vumbi la gari la mbele ni kidogo na maji hayafiki. Mengine yana na kile kikombe cha juu kinachozungusha hewa ili chembe kubwa za vumbi ziangukie pembeni kabla hata ya kufika kwenye filta. Yale magari yanapiga kazi kwenye vumbi la Serengeti na Ngorongoro miaka nenda rudi. Wanaoishi kwa gari wanatafuta hewa safi kwanza.

SASA NI LINI INAFAA?

Sitaki mtoke hapa mkisema mwanablogu kasema kubadilisha ni dhambi. Hapana.

Kama una gari la tabo, mfano Subaru ya tabo au Mark II yenye 1JZ-GTE, na unaenda kufanya kazi kamili, yani ekzosi, tabo, halafu mtaalamu akapanga upya kompyuta ya gari, hapo njia ya hewa inakuwa na maana kweli. Injini ya tabo inavuta hewa nyingi zaidi na kila mbano unahesabika. Na ile "pshhh" mnayoipenda ukiachia mafuta utaisikia vizuri kwa sababu hakuna boksi la kuifunika. Angalizo tu, wale wanaofunga valvu ya kutoa ule upepo nje moja kwa moja kwenye gari lenye sensa ya hewa, kompyuta inakuwa imeshaihesabu ile hewa na kuimwagia mafuta yake, kisha hewa haipo. Injini inapaliwa na mafuta, ndio yale madudu meusi mnayaona kwenye plagi.

Kwa gari la kawaida lisilo na tabo, hizi Mark X, Crown, IST, Vitz zetu, fanya hivi:

Moja, badilisha filta ya karatasi kwa wakati, na kama unapita njia za vumbi usisubiri kilomita za kwenye kitabu. Wengi wanatafuta nguvu mpya wakati ile ya zamani imezibwa na filta nyeusi tii.

Mbili, kagua bomba kutoka kwenye boksi mpaka kwenye injini. Likipasuka hata kidogo, linavuta vumbi na hewa isiyohesabiwa. Lile jaribio la kitambaa cheupe fanya mwenyewe, ni bure.

Tatu, kama roho yako inataka sauti tu, basi acha boksi na filta mahali pake. Kwa magari mengi unaweza kumwambia fundi atoe kile kikopo cha kumeza kelele kilichoko kabla ya filta, aizibe njia yake vizuri, na kikopo ukitunze ndani. Utapata mlio kidogo, injini inabaki salama, na siku ukichoka unarudisha.

Nne, boksi la kiwandani usiuze. Kamwe.

Tano, gari sio lako? Usiguse.

Na sita hii ni ya utu tu. Mtaani kuna watoto wachanga, wagonjwa, wazee. NEMC wanafungia baa kwa kelele, sasa wewe unapita saa nane usiku unavuta gia ya pili katikati ya nyumba za watu ili nani akuone? Raha yako isiwe ugomvi wa mtaa mzima.

NARUDI KWENU MASTAA

Kuna mdada mmoja wa filamu, naye jina kapuni lakini yeye namhifadhi kwa heshima, alifungiwa kitu kama hicho hicho kwenye gari lake. Akaandika wazi kwamba ni tangazo, kwamba amefungiwa bure, na shabiki alipomuuliza kama gari limeongeza nguvu akajibu kwamba yeye anasikia mlio tu, nguvu haoni tofauti. Basi. Duka likapata tangazo lake, mashabiki wakapata ukweli, na yeye hajapungukiwa kitu.

Hicho ndicho ninachoomba. Siwaambii mkatae hela, maisha ni magumu na muziki haulipi kama zamani. Ila semeni ni tangazo. Semeni hamjalipia. Na ukisema nguvu imeongezeka, weka namba: ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi, imepimwa wapi. Ukiwa huna namba sema ni sauti, na sauti itauzika tu kwa sababu ni tamu yenyewe.

Maana staa injini ikifa ana gari la pili limelala ndani, na fundi anamfuata nyumbani. Huyu anayekuangalia kwenye simu yenye kioo kimepasuka ana gari moja, tena pengine la mkopo, na ndio ada ya mtoto, ndio kodi ya nyumba, ndio dawa ya mama. Wewe unacheza na sauti, mwenzako anacheza na mtaji.

Na wewe shabiki, kabla hujatoa hela muulize muuzaji maswali mawili tu. Hii filta itavuta hewa ya wapi? Na vumbi litapita wapi? Akianza kukujibu kwa kukuonyesha video ya staa, rudisha hela mfukoni, nenda kanunue filta ya karatasi na oili nzuri. Gari litakushukuru kwa kukaa kimya na kukupeleka kazini kila siku.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani kafunga koni na anazo namba zake? Nani imemla? Mwageni hapo chini, ila matusi ya wazazi sitayapitisha.